Vicheko vya katibu wa Lincoln

BARUA iliyoandikwa Ikulu ya Marekani, mjini Washington, tarehe 5 Aprili 1862, inazungumzia chakula cha farasi na mshahara wa msimamizi wa nyumba. Wakati huo nchi ilikuwa imepasuka vipande viwili, Kaskazini na Kusini, na ulikuwa unakaribia mwaka mzima tangu bunduki zianze kulia. Jeshi kubwa la Kaskazini lilikuwa limeteremshwa kwa meli pwani ya Virginia ili liende kuuteka mji wa Richmond, makao makuu ya waasi. Lakini mwandishi wa barua hiyo, kijana wa miaka 23, anamlalamikia mwenzake kwamba mke wa Rais amemtuma mtumishi aje kumfokea kuhusu lishe ya farasi wake, eti kuna watu wanamwibia.

Halafu anaongeza kwamba mama huyo anataka mshahara wa msimamizi wa nyumba uingie mkononi mwake yeye. Kijana anasema alimjibu kwa kumtaka abusu mahali fulani pa mwili wake, mahali ambapo hata barua yenyewe haipataji kwa jina. Kisha anamwuliza rafiki yake, kwa upole kama wa mwanafunzi anayeinua mkono darasani: je, nilikosea?

Mimi siamini kwamba alimwambia mke wa Rais maneno hayo usoni. Nadhani aliyafikiria akiwa ngazini, akayaandika alipofika mezani. Hata hivyo aliyaandika, na barua ikabaki.

Kijana huyo ni John Hay, msaidizi wa Rais Abraham Lincoln. Alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1838 huko Salem, Indiana, akakulia Warsaw, Illinois, kando ya mto Mississippi, akamaliza Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1858. Alikuwa akijifunza sheria katika ofisi ya baba yake mdogo mjini Springfield, jirani na ofisi ya wakili Lincoln, pale uchaguzi wa 1860 ulipomfanya wakili huyo kuwa Rais. Aliyeandikiwa barua ni John George Nicolay, mzaliwa wa Bavaria, Ujerumani, aliyepelekwa Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Kwa hiyo katibu mkuu wa Rais katika vita vile alikuwa mtoto wa wahamiaji, jambo ambalo sisi tuliokulia nchi za watu hatuwezi kulipita bila kulitazama mara mbili.

Sheria ilimruhusu Rais kuwa na katibu binafsi mmoja tu anayelipwa na serikali, na huyo alikuwa Nicolay. Hay akaandikwa kwenye orodha ya mishahara kama karani wa pensheni, kisha akaazimwa Ikulu. Nyinyi mliopata kufanya kazi za ofisini mnaijua mbinu hiyo, haikuanzia kwetu. Vijana hao wawili walilala katika nyumba ileile ya Rais, ghorofa ya juu, hatua chache kutoka ofisini, na chakula walikwenda kula hoteli ya Willard.

Kazi yao kubwa ilikuwa ni kupokea watu na kufungua barua. Mwaka 1866, akiwa Paris, Hay alimwandikia William Herndon, aliyekuwa mshirika wa Lincoln katika uwakili, kwamba Lincoln hakusoma hata barua moja kati ya 50 alizoletewa, na kwamba nyingi za zile zilizojibiwa aliziandika Hay mwenyewe, Rais akatia sahihi bila kuzisoma. Fikiri basi kijana wa umri huo anayeshinda mchana kutwa akiandika kwa sauti ya Rais. Ukifika usiku anahitaji mahali pa kuandika kwa sauti yake. Nicolay alisafiri mara nyingi, mara kwa mapumziko, mara kwa kazi. Mwaka 1862 alipelekwa Minnesota, mwaka 1863 Colorado, kwenye shughuli za mikataba na wenyeji wa asili. Kila alipoondoka Hay alimwandikia, na katika barua hizo ndimo kicheko kilimojaa.

Mzaha wake wa kwanza ni majina. Kwa Kiswahili tunayaita majina ya utani, na neno hilo utani nitalirudia mbele. Lincoln alikuwa nayo mawili. La kwanza ni "Tycoon". Siku hizi neno hilo la Kiingereza hutumika kwa tajiri mwenye viwanda, lakini wakati ule lilikuwa jipya mjini. Lilitoka Japani, ambako lilitumika mbele ya wageni kumtaja mtawala wa kijeshi wa nchi hiyo. Ujumbe wa Wajapani ulipozuru Washington mwaka 1860, watu walilidaka neno hilo kama watoto wanavyodaka wimbo wa redioni. Hay akalichukua na kumvika wakili wa Illinois, mtu wa futi sita na inchi nne, miguu mirefu, nywele zisizokubali kitana. Utani uko hapo: jina la mtawala wa panga na hariri, kichwani mwa mtu aliyekulia katika nyumba ya magogo.

La pili lilikuwa na maana ya mtu wa kale. Sisi tungesema Mzee, na tungelisema vilevile walivyolisema wao, kwa sauti ya chini, Mzee akiwa hayupo.

Jenerali George McClellan, kamanda wa jeshi lile lililoteremshwa Virginia, magazeti yalikuwa yakimfananisha na Napoleon. Hay akaligeuza sifa hiyo kuwa kejeli: Napoleon mdogo. Katika barua ya tarehe 9 Aprili 1862 anamweleza Nicolay kwamba Napoleon huyo ameketi akitetemeka mbele ya kikundi kidogo cha watu huko Yorktown, haogopi kupigana tu, hata kukimbia anaogopa. Ukiisoma haraka utasema ni maneno ya karani asiyejua vita. Lakini Jenerali John Magruder wa Kusini alikuwa na askari wapatao 13,000 tu kwenye ngome zile, na aliwazungusha haohao huku na huko ili waonekane wengi. McClellan, mwenye jeshi kubwa mara kadhaa ya hilo, alikaa karibu mwezi mzima akipanga mizinga ya kuuzingira mji. Mwanzoni mwa Mei Wakusini wakaondoka wenyewe usiku. Kwa hiyo karani aliyekuwa akicheka ndiye aliyeona sawasawa, na taarifa za makao makuu zilikuwa zikihesabu vivuli.

Nimejifunza kuzisoma barua hizi kwa namna moja, nayo ni kuweka kalenda kando yake. Mzaha wa Hay ukiusoma peke yake ni mzaha wa mvulana. Ukiusoma pamoja na tarehe yake unabadilika.

Chukua barua ya tarehe 7 Agosti 1863. Hay anaandika kwamba Tycoon yuko katika hali nzuri kabisa, na kwamba ni mara chache amepata kumwona ametulia na mwenye shughuli nyingi namna ile. Anaendesha vita, anaendesha uandikishaji wa askari, anashika mambo ya nje, na hapohapo anapanga jinsi ya kuiunganisha nchi upya. Halafu, bila kutangaza kwamba sasa anaacha utani, kijana anasema ameamini kwamba kwa manufaa ya nchi ni lazima mtu huyu aachwe pale alipo mpaka jambo liishe, kwa sababu hakuna mwingine mwenye hekima, upole na msimamo kama wake. Inaanza kwa jina la kuchekesha na kuishia karibu na dua. Sasa tazama kalenda. Mapigano ya Gettysburg yalikuwa tarehe 1 hadi 3 Julai, ambapo waliokufa, kujeruhiwa na kupotea wa pande zote mbili walifika kama 50,000. Tarehe 13 hadi 16 Julai watu wa New York waliopinga kuandikishwa jeshini walifanya ghasia, wakachoma nyumba na kuwatundika watu weusi mitaani, na zaidi ya watu 100 waliuawa. Ni baada ya mwezi kama huo ndipo Hay anaandika kwamba Tycoon hajambo. Kwa aliyekuwa mbali, hiyo ndiyo habari aliyoihitaji kuliko zote.

Kiangazi hichohicho analalamika kwamba Washington imepooza kama kalenda iliyopitwa na mwaka, na kwamba starehe iliyobaki ni wiski na jibini chumbani kwake. Hapo sina cha kuongeza. Kijana alikuwa amechoka na joto.

Alikuwa pia na kitabu cha kumbukumbu za kila siku, na humo mna kisa ambacho nimewasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Usiku wa tarehe 30 Aprili 1864, saa sita imepita, Lincoln aliingia chumbani kwa makatibu akicheka, kitabu cha Thomas Hood mkononi, akitaka kuwaonyesha kikaragosi kilichomfurahisha. Alikuwa amevaa shati fupi la kulalia lililoning'inia kwenye miguu yake mirefu na kutokeza nyuma, asema Hay, kama manyoya ya mkia wa mbuni mkubwa. Mwenyewe hakuwa na habari kwamba anachekesha kuliko kitabu. Siku tano baadaye, tarehe 5 Mei, mapigano ya Wilderness yakaanza, na ndani ya wiki sita jeshi la Kaskazini likapoteza makumi ya maelfu ya watu. Lincoln alijua kinachokuja. Amri alikuwa amekwisha kuzitoa.

Sasa turudi kwa mke wa Rais, kwa sababu huyo ndiye aliyelipia sehemu kubwa ya kicheko cha Hay. Katika barua anaitwa "Madame", na siku mbaya zaidi anaitwa paka wa jehanamu. Katika ileile ya tarehe 9 Aprili 1862 inayomcheka McClellan, Hay anasema upaka huo unazidi siku hata siku, na kwa kusema hivyo anaunda neno la Kiingereza ambalo halikuwapo. Ni neno la kuchekesha kweli. Mimi mwenyewe nililicheka.

Mary Lincoln hakuwa malaika. Bunge lilitoa dola 20,000 za kuitengeneza nyumba ya Rais, naye akapitisha kiasi hicho kwa mazulia na mapazia wakati askari wanalala kwenye matope. Mumewe alikasirika. Ugomvi wa lishe ya farasi na ule wa mshahara wa msimamizi vilitoka kwenye tabia hiyohiyo ya fedha.

Lakini weka kalenda. Tarehe 20 Februari 1862 mtoto wao Willie, mwenye miaka 11, alifariki katika nyumba ileile kwa homa inayodhaniwa kuwa ya matumbo. Alikuwa mtoto wa pili kwa mama huyo kuzika. Barua ya farasi iliandikwa wiki sita baadaye. Na tarehe 6 na 7 Aprili yalipiganwa mapigano ya Shiloh, Tennessee. Mary alikuwa mzaliwa wa Kentucky, na ndugu zake kadhaa walikuwa upande wa Kusini. Mmoja wao wa baba mmoja, Samuel Todd, aliuawa kwenye mapigano hayo. Hay alipoandika neno lake la paka, mapigano ya Shiloh yalikuwa yameisha siku mbili kabla. Hata baada ya habari kufika, mama huyo hakuweza kumlilia ndugu yake hadharani, kwa maana alikuwa ameuawa akiwa adui wa serikali ya mume wake, na tayari kulikuwa na watu mjini wanaonong'ona kwamba mke wa Rais ni jasusi.

Watoto wa makambini na makazi ya Tanzania watakumbuka utani ni nini. Mimi nilizaliwa na kusomea Mishamo, Mpanda, katika makazi ya wakimbizi wa 1972, na walimu wetu wengine walikuwa Wanyamwezi. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana msibani, akaingia kwenye matanga akimwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na hakuna wa kukasirika, bali wafiwa hucheka katikati ya machozi na kupata nguvu ya kula. Lakini utani una sheria yake: unakwenda na kurudi. Ukinitania leo, kesho mimi nakutania, na siku ukifiwa nitakuja mimi. Akicheka mmoja tu, hiyo ni kejeli.

Kwa kipimo hicho Hay na Lincoln walikuwa watani. Mzee aliwaingilia usiku na shati lake, akawachekesha, akawasomea Shakespeare mpaka Hay akasinzia na kuambiwa aende kulala. Vijana wakamcheka, naye akawacheka. Kwa Mary ilikuwa kejeli. Yeye hakusoma barua zile, wala hakuwa na mtu wa kumjibia. Alichoweza ni kuwachukia makatibu hao, na kufikia mwanzoni mwa 1865 alikuwa anataka Nicolay aondolewe.

Hapa naomba niingize jambo la nyumbani, kwa kuwa ndilo lililonipeleka kwa Hay. Msomaji aliyekaa uhamishoni anajua kulikuwa na barua za aina mbili. Kulikuwa na ujumbe wa Msalaba Mwekundu, ile fomu ya wazi isiyofungwa kwenye bahasha, ya habari za familia tu, inayosomwa kabla ya kufika. Fomu hiyo iliunganisha watu wengi na wala siidharau, lakini hakuna aliyetania humo. Tumefika salama. Mtoto ameanza shule. Bibi amefariki. Na kulikuwa na barua zilizosafiri mfukoni mwa dereva au katikati ya dagaa wa mfanyabiashara, kupitia Manyovu au Kobero. Hizo ndizo zilizochekesha.

Mjomba wangu alikuwa karani wa mmoja wa viongozi katika mazungumzo ya Arusha, yaliyoanza mwaka 1998 na kufikia mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000. Pande zilizokaa mezani zilikuwa 19, na kila upande ulikuwa na matamko yake ya kupigwa chapa. Mjomba alimwandikia mama yangu barua 31. Mle ndani mnasemwa wajumbe wawili ambao mchana hawasalimiani, wakakutwa usiku kwenye ujia wa hoteli wakigombea pasi moja ya kunyooshea suti. Mkuu wake, ambaye alirudisha kila tamko mara nne au tano ili koma isogezwe, amembatiza Mheshimiwa Koma. Tuliporudi Burundi mwaka 2009 mama alizibeba barua hizo kwenye sanduku la bati, chini ya vyeti vya shule. Mjomba alikuwa amefariki miaka sita kabla. Sasa ukoo umeniomba nizichape, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, na wengine wanataka nitoe utani wote nibakize historia. Mheshimiwa Koma, wanasema, bado yu hai, tena ni jirani.

Ndipo nikaanza kutafuta wengine walifanyaje.

Mtu yuleyule aliyeandika habari za paka na wiski huenda ndiye aliyeandika mojawapo ya barua za rambirambi zinazojulikana zaidi kwa Kiingereza. Tarehe 21 Novemba 1864 barua yenye jina la Lincoln ilipelekwa kwa mama mmoja mjane wa Boston, Bi Bixby, aliyesemekana kupoteza wana watano vitani. Gazeti moja la Boston liliichapa siku nne baadaye. Baadaye ikajulikana kwamba waliouawa ni wawili. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama aliyeitunga ni Lincoln au Hay, na utafiti wa kompyuta juu ya mtindo wa maneno, uliotangazwa mwaka 2017, ulimwelekea Hay. Mimi sioni ajabu. Anayeijua sauti ya mwenzake hata kuitania ndiye anayeweza kuiazima siku ya msiba.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 Hay alikuwa Ikulu pamoja na Robert, mtoto mkubwa wa Rais, habari ilipokuja kwamba Lincoln amepigwa risasi. Alisimama kando ya kitanda katika nyumba ya kupanga iliyokuwa mkabala na ukumbi wa maonyesho mpaka saa moja na dakika 22 asubuhi. Nicolay alikuwa baharini akirudi kutoka Kyuba. Vita vile, kwa makadirio ya wanahistoria, viliua watu kati ya 620,000 na 750,000.

Makatibu hao wawili waliandika pamoja maisha ya Lincoln, wakauza haki ya kuyachapa kwanza kwenye jarida la Century kwa dola 50,000, na mwaka 1890 kikatoka kitabu cha juzuu 10. Robert Lincoln ndiye aliyewapa karatasi za baba yake, na alikuwa na haki ya kupitia kila sura kabla haijachapwa. Ni kitabu kikubwa na cha heshima. Shati la usiku lenye mkia wa mbuni halikuwa la kitabu cha namna hiyo, wala paka wa jehanamu. Mary Lincoln anapita humo kimya, kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Wakijua yote, waliandika sanamu, na watu waliotaka kumjua Lincoln alivyokuwa akicheka walilazimika kwenda kwa Herndon na kwa wengine waliokuwa mbali zaidi naye.

Hay akapanda. Alikuwa balozi wa Marekani Uingereza mwaka 1897, kisha waziri wa mambo ya nje kuanzia 1898 mpaka alipofariki tarehe 1 Julai 1905. Wepesi wa kalamu haukumwacha. Julai 1898, vita vya Marekani na Hispania vikikaribia kwisha, alimwandikia rafiki yake Theodore Roosevelt barua akaviita vita vidogo vya fahari. Katika vita hivyo maradhi yaliwaua askari wa Marekani wengi kuliko risasi, na mwaka uliofuata vikazaliwa vita vya Ufilipino vilivyoua watu kwa maelfu mengi. Maneno hayo machache yamemganda. Wanafunzi wengi wanamjua Hay kwa hayo tu, na katika ofisi za vita mzaha wa namna hiyo, unaotolewa na mtu aliye mbali na matope, ndio ninaouogopa. Mwaka 1862 alikuwa analala chini ya paa moja na watu aliowacheka.

Baada ya kifo chake mjane wake, Clara, alikusanya barua na kumbukumbu zake, na mwaka 1908 akachapisha juzuu tatu kwa ajili ya marafiki tu, si za kuuzwa. Utani aliuacha kwa wingi. Alichoondoa ni majina. Kila mtu akageuzwa herufi moja na kistari. Fikiri kusoma kwamba B— alimwambia S— jambo la kuchekesha kuhusu C—, huko kwa W—. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na hakuna aliyeelewa kitu. Ilipita miaka 31 mpaka mwanahistoria Tyler Dennett, aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu cha maisha ya Hay, alipochapisha mwaka 1939 kumbukumbu na barua za miaka ya vita zikiwa na majina ya watu ndani yake. Michael Burlingame alikuja kuzichapa tena kwa ukamilifu zaidi, kitabu cha kumbukumbu kwa pamoja na mwenzake mwaka 1997, na barua mwaka 2000.

Mama yangu mkubwa alipenda sana njia ya Clara nilipomweleza. Alitaka tuandike "Mheshimiwa K". Nikamwambia kilima kizima kitajua ni nani, na tutakuwa tumemficha mtu mwenye kofia kwa kumvua viatu. Alicheka, lakini hakukubali.

Tulichokubaliana ni hiki. Kila barua itachapwa ilivyo, na chini yake nitaweka kalenda: siku hiyo Arusha kulikuwa na nini, nyumbani Burundi kulikuwa na nini, na katika familia ya yule anayechekwa kulikuwa na nini, kama tunajua. Barua mbili zinazomcheka mama mmoja aliyekuwa amefiwa zitabaki sandukuni mpaka watoto wake waulizwe. Mheshimiwa Koma mwenyewe angeulizwa na mimi.

Nilimpelekea nakala za barua saba zinazomtaja, zimepigwa chapa vizuri, nikaziacha kwa mkwe wake kwa kuwa mzee alikuwa shambani. Wiki mbili hazikuja na jibu. Kisha siku ya soko alinisimamisha mbele ya wauza mawese, akanipa bahasha, akaniuliza habari za mama, akaenda zake na fimbo yake. Niliifungua palepale. Barua zote saba zilikuwamo, hakuna neno lililokatwa. Alikuwa amesahihisha koma kwa kalamu nyekundu.